Maswali ya Wasomaji: Mbona Bado Twabonyeza Namba?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya jambo moja, kulipa kwa kugusisha simu au kadi. Nimechagua nne. Wasomaji wapya wajue kwamba mimi si mtu wa benki wala fundi wa mitambo. Nimeuza leso mtaa wa Biashara, Mombasa, tangu 1998, na niyajuayo kuhusu pesa nimeyajua kwa kuzihesabu kila jioni kabla ya kufunga mlango, za noti, za simu na za kadi.

Dada, assalaam alaikum. Mpwa wangu yuko London mwaka wa sita sasa. Alipokuja Idi tulikwenda Marikiti kununua viungo. Muuzaji akanipa namba ya tili, ile ya duka ya kulipia kwa simu, nami nikaanza kubonyeza: menyu, lipa, namba, kiasi, namba ya siri. Mpwa akacheka: "Mjomba, kwetu unagusa simu tu, lango la treni linafunguka. Nyinyi mko nyuma miaka kumi." Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli tuko nyuma? (Msomaji, Mtopanga)

Waalaikum salaam kaka yangu. Akija tena mwulize kama anajua kilichotokea mwaka 2007. Machi mwaka ule Safaricom ilifungua M-Pesa. Septemba ya mwaka uleule, huko London kwake, benki zilianza kutoa kadi za kugusisha, na mtu hakuruhusiwa kulipa zaidi ya pauni 10 kwa mguso mmoja. Ni mapacha. Tena wana undugu wa karibu kuliko anavyodhani, maana pesa za majaribio ya M-Pesa zilitoka kwa sehemu kwenye mfuko wa misaada wa serikali ya Uingereza, na kampuni iliyoibuni, Vodafone, ni ya hukohuko. Kwa hivyo hatukuzaliwa nyuma. Tulizaliwa mwaka mmoja, kila mmoja akapewa kazi ya nyumbani kwao.

Kazi ya kwao ilikuwa foleni. Mtu wa London tayari alikuwa na akaunti ya benki na kadi mfukoni. Kilichomchosha ni kutafuta sarafu akinunua gazeti na chai, huku watu kumi wamesimama nyuma yake. Kazi ya kwetu ilikuwa umbali. Kijana anapakua makontena Kilindini, mama yake yuko Mwatate, na mshahara umetoka leo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpelekea mama yangu pesa Lamu kwa dereva wa basi. Nilizikunja noti ndani ya leso, nikaishona kwa uzi pembe zote nne, nikamwambia dereva ni nguo. Kisha nilikaa siku mbili roho juu, mpaka mtu apige simu kusema leso imefika na uzi haujakatwa. Siku niliyomtumia kwa simu mara ya kwanza, meseji ilirudi kabla sijaondoka kwa wakala, na nililia palepale barazani kwake.

Sasa tazama kugusisha kunavyofanya kazi. Ndani ya simu au kadi kuna kifaa kidogo kinachozungumza kwa mawimbi ya redio na mashine ya muuzaji. Watu wa mitambo wanakiita NFC. Masafa yake ni megahezi 13.56, na vitu viwili vinatakiwa vikaribiane kiasi cha sentimita nne, upana wa vidole viwili hivi. Kadi haina hata betri, inapata nguvu kutoka kwenye mashine inapoikaribia. Ni ufundi wa kupendeza, lakini umetengenezwa kwa watu wawili waliosimama uso kwa uso. Sentimita nne hazifiki Lamu.

Na hata huko kwa wenzetu jambo hili lilikwenda polepole mno, mpwa amelikuta limeshaiva. Japani walilipa kwa kugusisha simu tangu 2004, kampuni ya NTT DoCoMo ilipoweka kifaa hicho ndani ya simu zake. Marekani, Google ilifungua pochi yake ya simu, yaani programu ya kulipia kwa kugusisha, mwaka 2011, na kampuni kubwa ya simu, Verizon, ikaizuia kwenye laini zake kwa sababu yenyewe na wenzake wawili walikuwa wakitengeneza pochi yao. Simu ya iPhone haikuwa na kifaa hicho mpaka 2014. Oktoba ile Apple ilipoanza malipo yake, maduka makubwa ya dawa, CVS na Rite Aid, yalizima mashine zao siku chache baadaye, kwa kuwa walikuwa wamejiunga na mpango mwingine. Yaani mashine ipo, mteja ana simu, na bado halipi. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Muuzaji hanunui mashine kabla ya wateja, mteja hana haja ya simu ile kabla ya mashine, na benki, kampuni ya simu na mtengenezaji wa simu wanagombania nani ashike ufunguo.

Kilichowasukuma London ni usafiri. Julai 2014 mabasi yote ya mji yaliacha kupokea pesa taslimu. Septemba kadi za benki zikakubaliwa kwenye treni za chini ya ardhi. Halafu ikaja korona, watu wakaogopa kushika noti, na Aprili 2020 kiwango cha mguso mmoja kikapandishwa hadi pauni 45. Korona ilipofika kwetu ilisukuma upande mwingine. Kuanzia Machi 2020 mpaka mwisho wa mwaka, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure. Wateja wangu wa leso moja moja, waliokuwa wakilipa noti za mia mia, waliingia kwenye simu mwaka ule na hawakutoka tena. Woga uleule uliowafundisha wao kugusa ulitufundisha sisi kubonyeza.

Nisikufiche ya dukani kwangu. Benki moja iliniletea mashine ya kadi, nikaipokea kwa furaha kwa sababu wageni wa hoteli walikuwa wakiulizia. Siku mbili kabla ya Idi, duka limejaa mpaka nje, kina mama wa Malindi wanataka leso za jozi, mashine ikaandika kwamba inatafuta mtandao. Ikatafuta. Mteja mmoja akagusisha kadi mara tatu, mashine ikakataa mara tatu, na simu yake ikapokea meseji kwamba pesa zimekatwa. Zilimrudia, lakini baada ya siku kadhaa, na siku hizo zote nilikuwa mimi mwizi machoni pake. Hata mashine ikifanya kazi vizuri, pesa ziliingia akaunti yangu kesho yake, baada ya benki kukata asilimia yake. Mwenye mzigo wa jumla hangoji kesho. Anataka chake alasiri. Kwenye tili, meseji inalia mfukoni mwangu mteja akiwa bado amesimama mbele yangu, sote wawili tunaisoma, na mteja hatozwi chochote. Mashine niliirudisha.

Lakini simtetei mtu kupita haki yake. Nimetazama saa ya ukutani: mteja anayelipa kwa tili, tangu kutoa simu mpaka meseji kulia, anatumia karibu dakika nzima, na akikosea tarakimu moja anaanza upya. Siku ya kawaida ni dakika ya kuulizana hali. Siku ya Idi, watu ishirini wamebanana kwenye joto, ni mzigo. Safaricom yenyewe iliuona. Mwaka 2017 ilianzisha 1Tap, ikianzia Nakuru, kwa kadi, stika na mkanda wa mkononi wa kugusisha. Haikuenea. Mimi naamini ni kwa sababu ilikuja kupunguza jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tukilalamikia. Tulichokuwa tukililia ni ada za kutoa pesa, mtandao kupotea, na meseji za uongo wanazotuonyesha matapeli. Na simu nyingi za bei ya chini, ambazo ndizo simu za wateja wangu, hazina kifaa hicho ndani.

Mpwa akija tena mwambie hivi: siku atakapoweza kusimama kwenye lango lake la treni, akagusa, na shangazi yake wa kijijini akapata pesa bila kuwa na akaunti ya benki, hapo tutakaa tupime nani yuko nyuma.

Mama, mimi navuka Likoni kila asubuhi kwenda kazini mjini. Benki imenipa kadi mpya yenye alama ya mawimbi manne. Nimesikia mtu anaweza kupita na mashine kwenye msongamano wa feri akanyonya pesa kupitia mkoba. Silali. Niirudishe? (Msomaji, Likoni)

Usiirudishe mwanangu, na lala.

Nimekwisha sema habari ya sentimita nne. Mwizi atalazimika kuandika kiasi kwenye mashine, kuibandika juu ya mkoba wako pale kadi ilipo, na mashine hiyo iwe imesajiliwa kwa jina la biashara yenye akaunti benki. Pesa zikitoka zinaacha nyayo mpaka mlangoni kwake. Ukiweka kadi mbili za namna hiyo pamoja, mara nyingi mashine inachanganyikiwa isisome hata moja. Anayeiba kwenye feri ana njia nyepesi zaidi, na unazijua: wembe kwenye mkoba, au jicho begani mwako unapoandika namba ya siri ya simu ili utume pesa kabla ya kushuka. Hilo la pili ndilo naliona kila siku na linaniumiza. Watu wanaandika namba ya siri mbele ya umma kama wanavyoandika salamu.

Hatari ya kweli ya kadi yako ni ikipotea, kwa sababu malipo madogo yanapita bila namba ya siri mpaka kiwango kilichowekwa na benki. Waulize kiwango hicho ni shilingi ngapi, na kama wanaweza kukuzimia mguso. Andika namba yao ya simu kwenye karatasi nyumbani, maana simu na mkoba huenda pamoja. Na jua kwamba anayegusisha simu yuko salama kuliko anayegusisha kadi. Simu inataka kidole au uso wa mwenyewe kabla ya kulipa, na namba inayomfikia muuzaji si namba halisi ya kadi, ni namba ya badala. Akiiiba haimfai kitu.

Bi. Mkubwa, mimi ni makanga njia ya Bamburi na Posta. Abiria wanaolipa kwa simu wananichelewesha, gari linafika stejini mtu bado "naandika". Zile kadi za matatu zilizotangazwa zamani zilikwenda wapi? Zikirudi, wewe utaziunga mkono? (Msomaji, Kisauni)

Swali zuri mwanangu, na linatoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemwuliza wakati ule.

Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya kugusisha kwa nauli. Serikali nayo ikaamuru matatu zote ziache pesa taslimu kuanzia tarehe 1 Julai 2014. Ona tarehe hiyo: ni mwezi uleule mabasi ya London yalipoacha noti. Kule lilifanyika. Huku tarehe ilisogezwa, ikasogezwa tena, na 2015 BebaPay ikafungwa.

Wengi wakasema matatu ni wakaidi. Mimi nasema tazama gari ni la nani. London, mamlaka moja ndiyo inayopanga nauli, tiketi na mashine za mji mzima, na dereva ana mshahara wake mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Hapa kila gari lina tajiri wake. Tajiri anataka hesabu yake jioni, na kinachobaki baada ya mafuta ni chenu wewe na dereva. Kadi ilipeleka nauli yote kwenye akaunti ambayo nyinyi hamuioni. Mtaweka dizeli kwa pesa gani saa nane mchana? Mtakula kwa pesa gani? Nauli yenyewe inapanda mvua ikinyesha na kushuka gari likiwa tupu, na kadi ilitaka bei moja. Waliobuni kadi walimfikiria abiria, wakamfikiria tajiri na mkusanya kodi. Mtu anayening'inia mlangoni siku nzima hakuwemo kwenye hesabu. Jambo lililopangwa hivyo sitaliunga mkono hata lirudi na mashine ya dhahabu.

Likirudi likiwa na fungu la makanga na dereva linaloingia papo hapo kwenye simu zenu, nitakuwa wa kwanza kuligusa.

Kwa leo, fanya hili. Namba ya kulipia iandikwe kwa wino mkubwa nyuma ya kila kiti, na uitangaze gari likitoka stejini, si likikaribia kituo. Abiria wana muda mrefu pale Nyali darajani kukiwa na foleni. Nauli isiyozidi shilingi 100 mtu akiituma moja kwa moja kwa namba hatozwi ada, kwa hivyo asikuambie eti anakatwa. Ila usichanganye pesa za gari na za nyumbani kwenye laini moja. Utagombana na tajiri, halafu utagombana na mkeo, na wote wawili watakuwa na haki.

Mama, nakuandikia kwa niaba ya nyanya yangu, Kibokoni. Macho yamepungua sana. Watoto wake wanamtumia matumizi kwa simu kila mwezi, lakini hawezi kubonyeza, kwa hivyo namba yake ya siri inajulikana na wajukuu wote, na muuza duka pia. Mwezi uliopita zilitoka elfu tatu na hakuna aliyekubali kuzitoa. Nyanya hakusema kitu, alinyamaza tu siku mbili. Malipo haya ya kugusisha yangemsaidia? (Msomaji, Mji wa Kale)

Barua hii niliisoma mara tatu.

Ndiyo, yangemsaidia, na kati ya barua zote za mwezi huu ni yeye ambaye ningempa kitu hicho kesho kama kingekuwa mikononi mwangu. Sisi wenye macho tunajadili kama mguso utatupunguzia nusu dakika. Nyanya yako angekwenda dukani peke yake, akagusa, akarudi na mkate wake, na hakuna mtu mwingine duniani anayejua namba yake. Wanaouza teknolojia hii huizungumza kama jambo la vijana wenye haraka. Ningependa waje wakae Kibokoni asubuhi moja na bibi mmoja ambaye kila akitaka kununua maziwa lazima amwite mtoto na kumkabidhi pesa zake zote.

Lakini haijafika kwenye duka lake, na matumizi ya mwezi huu hayangoji. Kama kuna mtoto wake anayeweza kumnunulia simu janja, programu ya M-Pesa inakubali kufunguliwa kwa alama ya kidole badala ya namba ya siri. Kidole cha nyanya hakikopesheki. Ubaya ni kwamba kioo laini kinamsumbua asiyeona vizuri, na bado atahitaji mtu wa kumsomea.

Mimi ningeanza na simu yake ya vibonyezo. Kwanza, waambie watoto wake watume pesa za wiki moja moja, si za mwezi mzima, ili kitakachoweza kupotea kiwe kidogo. Pili, nendeni wewe na yeye pekee chumbani, mfunge mlango, mbadilishe namba ya siri. Usiitazame. Shika kidole chake cha shahada ukiweke katikati ya vibonyezo, kwenye namba tano. Atahisi kinundu kidogo, kiliwekwa pale kwa ajili ya watu wasioona. Kutoka hapo, juu ni mbili, chini ni nane, kushoto ni nne, kulia ni sita. Mwache achague tarakimu zake nne mwenyewe, azirudie mara kumi, mara ishirini, huku wewe umegeuza uso. Mikono iliyosuka mikeka miaka yote haitashindwa na njia fupi kama hiyo. Siku nyingine wewe mbonyezee menyu na kiasi, kisha mrudishie simu, naye amalizie.

Na hizo elfu tatu, mwambie nyanya kwamba nimeuliza habari zake.